Ubeti wa Tatu Haukuwa Wangu

Tulimzika Maduhu kule Malampaka siku ya Alhamisi, kwenye kiwanja cha kaka yake kinachotazama reli. Aliyesoma wasifu wa marehemu alisema kwamba katika uhai wake alikuwa fundi baiskeli hodari, muumini mwaminifu, na kwamba "pia alijihusisha na muziki." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kina mama wengine, nimejitanda kanga, nikasikia damu inanipanda kichwani. Alijihusisha! Kama mtu anavyojihusisha na kufuga kuku watatu nyuma ya nyumba. Nilitaka kusimama, lakini mama aliyekaa kando yangu alinishika goti, nikatulia, maana msiba haukuwa wangu peke yangu. Njia nzima ya kurudi Bariadi nilibishana na yule msomaji kimoyomoyo, na nilipofika nyumbani nilitoa daftari. Sitaandika nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule ambao kila mtu Bariadi alikuwa anasema mji utakuwa makao makuu ya mkoa mpya, watu wa kupima viwanja wanapita na kamba zao hadi kwenye mashamba ya mtama. Mimi Kabula nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimerudi kutoka kwenye ndoa nikiwa na sanduku moja na wimbo ambao ulikuwa haujaisha.

Maduhu alikuwa anatengeneza baiskeli nje ya mgahawa wa Mama Milembe, kwenye barabara ya kwenda Lamadi, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya kupika humo humo. Alinisikia naimba nikiwa nasugua sufuria. Hakunisifia. Alikuja mlangoni na spana mkononi, akasikiliza mpaka nikanyamaza kwa aibu, kisha akauliza, "Huo wimbo ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu. Akasema, "Basi usiumalizie kwenye sufuria." Kesho yake alikuja na gitaa lake, gitaa kuukuu lenye kiraka cha bati mgongoni, na Mama Milembe, ambaye alikuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa muziki, akatupa chumba cha nyuma. Kilikuwa stoo. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya mchele na mkaa, upande wa pili godoro la mpangaji aliyehama bila kuaga, na kwenye kuta Maduhu akatundika magunia matupu ya pamba, tabaka mbili, ili sauti isigonge bati na kurudi. Kompyuta ilikuwa ya Minza, dada mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu pale stendi. Maikrofoni tuliivalisha soksi safi isichukue pumzi. Tulirekodi baada ya chai ya asubuhi, tukaacha saa sita, maana wateja wakianza kuingia sufuria zinagongana na Mama Milembe anaita kwa sauti inayofika sokoni.

Tukiacha kurekodi tulikula mle mle ndani, tumekaa kwenye magunia: ugali wa mtama na furu, samaki wadogo wakavu waliotoka Lamadi, siku nyingine matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na maziwa ya mgando, siku mbaya ukoko na chai. Ukuta kati yetu na wateja ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeachana. Tulisikia kila kitu. Tulisikia madereva wakigombania nani alipita Lamadi wa kwanza, wafanyabiashara wa ng'ombe wakisengenyana, makarani wa ofisi wakitamba kuhusu viwanja. Leo nikiwasikia vijana wanauliza msanii anajuaje watu wanataka nini, nakumbuka ule ukuta. Sisi hatukuhitaji kuuliza. Tulikula huku tunasikiliza.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kisukuma, na ulikuwa wa salamu. Kwetu mtu akikukuta mlangoni anakuuliza, "Mhola?", yaani ni amani? Nawe unajibu, "Mhola duhu," amani tu. Hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yako unajibu hivyo hivyo, halafu ndiyo unaomba maji ya kuzimia moto. Katika wimbo wangu mwanamke amesimama mlangoni, majirani wanapita mmoja mmoja, wanamsalimu, naye kila mmoja wao anamjibu mhola duhu. Ubeti wa kwanza unaonyesha ugali uliotupwa sakafuni nyuma yake. Ubeti wa pili unaonyesha jicho analolificha kwa kanga. Hapo nilikwama. Maduhu alikuwa anapiga mpaka mwisho wa ubeti wa pili, anaendelea na gitaa peke yake, ananitazama, mimi nafumba mdomo. "Umetengeneza kigoda cha miguu miwili, mayu," aliniambia. Aliniita mayu, kama anavyoitwa mama mtu mzima, ingawa alinizidi miaka kumi. "Mtu akikikalia anaanguka." Nikamwambia basi wasikae, wasimame. Akacheka, tukarekodi hivyo hivyo.

Tuliupeleka kwenye redio moja mjini Mwanza. Kijana wa mapokezi aliupeleka kwa mtangazaji, mtangazaji akatikisa kichwa kwa kuupenda, kisha akatuambia vipindi vyao ni vya Kiswahili, hawezi kupiga wimbo wa lugha ya nyumbani, tumwelewe. Tulimwelewa. Kwenye basi la kurudi, tulipofika Magu, Minza akasema, "Redio si ile tu." Kuanzia kesho yake, kila mtu aliyeleta kadi ya simu yake kuwekewa nyimbo za Dar au za Kongo alitoka na wimbo wetu umewekwa juu kabisa, wa kwanza, bila kuulizwa. Wakilalamika anawaambia, "Usipoupenda rudi nikufutie." Nilikuwa naogopa. Nilidhani watarudi kwa hasira. Aliyerudi wa kwanza alikuwa mwendesha bodaboda, naye alirudi kwa sababu mke wake alikuwa ameichukua kadi na hataki kuirudisha, anaomba awekewe nyingine.

Wiki ya tatu au ya nne, tukiwa nyuma ya mbao tunakula, tulimsikia dereva wa lori anamwambia mwenzake, "Kuna mwanamke anaimba mhola duhu, umemsikia?" Mwenzake akasema amemsikia Meatu, huko ndani kabisa, kwenye simu ya mchunga ng'ombe. "Huyo lazima amekufa," akasema dereva. "Mtu hawezi kuimba vile halafu akaendelea kuishi na huyo mume." Maduhu alinitazama, kijiko kimesimama hewani. Mimi nilitoka na sahani yangu, nikapita mbele ya meza yao, nikawasalimu, "Mwadila." Wakaitikia mwadila. Wakauliza, mhola? Nikawajibu, "Sijafa." Walishangaa kidogo, kisha wakaendelea kula.

Baada ya hapo tulianza kuzunguka minadani. Mnada kwetu ni ng'ombe, mbuzi, nguo za mitumba, dawa za mifugo, nyama choma, na watu waliotembea tangu alfajiri. Tulikwenda na spika mbili na betri ya gari iliyofungwa kwenye baiskeli ya Maduhu. Yeye alikuwa na taratibu zake, na sikuzielewa mpaka baadaye. Hakutaka tuanzie penye walevi hata kama wao ndio waliokuwa wanatuita kwa nguvu. Alianzia kwa kina mama wanaouza nyanya na michembe ya viazi, anawaomba radhi kwanza kwamba tutawapigia kelele, anauliza watoto wao wazima, anakaa chini kabisa ndipo anaanza kutekenya nyuzi. Na hatukuondoka mahali popote kabla hatujala kwa mtu. "Ukila kwake," alisema, "wimbo ni wa mgeni wake. Atautetea." Kwenye mnada wa Lagangabilili tulipanda juu ya tela la trekta, betri ikatuishia katikati ya ubeti wa pili, sauti ikafa. Nilisimama pale juu mdomo wazi. Watu wakaendelea. Walikuwa wanajua kila neno, na walikuwa wengi kuliko spika. Maduhu aliweka gitaa chini, akaanza kupiga makofi. Nilishuka kwenye tela lile mtu mwingine. Nilikuwa nimezoea kuimba kama anayeomba ruhusa, na siku ile niliona hakuna wa kunipa ruhusa, walishaichukua wenyewe.

Msimu wa pamba ulipofika tulikwenda Lingeka. Nyeupe ilikuwa imejaa njia nzima, imenasa kwenye miiba kila lilipopita tela. Tulipomaliza kuimba, kina mama wanne walinivuta pembeni. Walisema kuna mwenzao, Mama Sayi, ambaye mume wake amemkataza kufika mnadani tangu aliporudi nyumbani akiwa anauimba wimbo wangu. "Anasema ni wimbo wa kumsema yeye," akasema mmoja wao. Nikauliza, "Kwani ni wa kumsema yeye?" Wakatazamana. "Twende ukamwimbie," akasema yule mkubwa wao. Maduhu alikuwa anakunja nyaya. Nilitegemea atakataa, maana alikuwa mtu wa kuchukia ugomvi, afadhali alizibe tairi la mtu mara tatu kuliko kumwambia amelipasua mwenyewe. Alining'iniza gitaa shingoni, akasema, "Ni mbali?"

Haikuwa mbali. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na tulivyotembea watu walijiunga, wengi wao wanawake, wengine na mafungu yao ya vitu kichwani. Mume alikuwa uani kwake anafunga mnyororo wa plau. Mtu mrefu, mtulivu wa sura, ningemkuta barabarani ningemwomba anielekeze njia bila wasiwasi. Alinyanyuka, akatutazama wote, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, akasalimu. "Mwadila." Tukaitikia. Kisha akaniuliza mimi niliyekuwa mbele, kama desturi inavyotaka, "Mhola?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa namna moja. Nililijibu hivyo siku niliyotoka kwa mume wangu na sanduku kichwani, nikikutana na shemeji zangu njiani. Mdomo ulikuwa umeshaanza kujibu wenyewe. Nikaufunga. Nyuma yangu Maduhu akagusa uzi mmoja, polepole, na mimi badala ya kumjibu yule bwana nikaimba. Niliimba ubeti wa kwanza, mnyororo ukiwa bado mkononi mwake. Niliimba ubeti wa pili, na mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mwanamke mfupi, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Ubeti wa pili ukaisha. Gitaa likaendelea peke yake kama kawaida, kwenye lile tundu nililoshindwa kuliziba kwa miezi mitano. Na Mama Sayi akaanza kuimba. Hakuimba maneno yangu. Aliimba kwamba jirani wa tatu akipita nitamwambia si mhola. Nitamwambia aingie ndani aone, akae, nimkandie unga tule, na akiondoka aende akaseme alichokiona. Sauti yake ilikuwa kavu, haikufuata gitaa vizuri, Maduhu ndiye aliyemfuata yeye. Mume alisubiri mpaka akamaliza. "Mmemaliza?" akauliza. "Bado," akasema yule mama mkubwa, na tukaanza upya kutoka mwanzo, beti tatu. Yule bwana aliweka mnyororo chini, akaenda kwenye ng'ombe wake. Sijui walizungumza nini tulipoondoka. Najua tu kwamba kwenye mnada uliofuata Mama Sayi alikuja, akanunua chumvi na sabuni, akasimama mbele kabisa.

Wapo watu walioniambia baadaye kwamba tulimdhalilisha mtu nyumbani kwake, mbele ya mke na majirani. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na jibu langu halijabadilika. Tulisalimiana, tukaimba, tukaondoka. Kama kuna aliyedhalilika, alidhalilishwa na ukweli wa ndani ya nyumba yake.

Tuliurekodi upya ukiwa na ubeti wa tatu, Minza akaubadilisha kwenye kadi zote, na hapo ndipo wimbo ulipotushinda mbio. Uliingia kwenye mabasi. Na kwenye basi mojawapo lililotoka Mwanza kulikuwa na kijana anayeitwa Frenk, meneja wa lebo moja ya Dar es Salaam, alikuwa anakwenda harusini. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuelewa neno hata moja, lakini aliona abiria wote waliokuwa wanasinzia wameamka. Akamuuliza dereva huyu ni nani. Dereva akamwambia, "Shuka Bariadi, uliza kwa Mama Milembe."

Alikuja saa ya chakula cha mchana, amevaa viatu vyeupe sana. Mama Milembe alimletea ugali na samaki, akasimama pale pale na beseni la kunawia akisikiliza bila kujificha. "Dada, ngoma yako ni kali," Frenk akasema. "Sikudanganyi. Ila tuipeleke mbele. Tuiweke Kiswahili, nchi nzima ielewe. Hiyo mhola, mhola, tunaifanya 'poa'. Watu wanakusalimu, mambo vipi, wewe unajibu poa. Umeona? Ni ile ile." Nikamuuliza na gitaa je. Akasema gitaa ni zuri lakini ni la kizamani, maprodyuza wao wana midundo. Na jina? Kabula ni jina zuri pia, ila la kwenye bango wangenitafutia lingine, fupi, tamu. Mama Milembe akauliza, "Kwani Kabula ni refu?" Frenk akacheka kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo: alikuwa mpole, alikula samaki wake mpaka akamaliza, alinisikiliza. Fedha aliyoitaja ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo.

Nilidhani Maduhu atakasirika. Alikuwa nje anaziba pancha, amesikia yote. Nilipotoka hakuinua uso. "Saini," akasema.

"Unasema nini?"

"Nimesema saini, mayu. Mimi nitabaki na baiskeli zangu. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na saba, nani atanitaka kwenye bango? Wewe usije ukakaa humu jikoni kwa sababu yangu, halafu uzeeni uniangalie vibaya."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mume wangu. Nilimwambia yeye ni mwoga, kwamba anajipunguza ili mimi nisimwonee huruma. Akasema labda. Akaendelea kuchovya tairi kwenye beseni la maji, kutafuta mapovu. Nikaenda Mwanza peke yangu, kwenye studio ambayo watu wa Frenk walikuwa wameikodi huko, kwa hasira, kumwonyesha kwamba naweza.

Studio ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na sakafu ya zulia. Waliniweka ndani ya kioo, wakanipa maneno yaliyoandikwa. Siku mbili niliimba. Na nitasema jambo ambalo Maduhu hakuwahi kulisikia kutoka kwangu: ulikuwa mzuri. Walipoupiga kwenye spika zao kubwa nilisikia nywele zinasimama. Sauti yangu ilikuwa safi, kama imeoshwa. Nilikaa kwenye kochi lao nikijiona nimekuwa mtu. Kisha Frenk akaleta mkataba, kurasa nyingi, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne nikauomba niusome. Walistaajabu kidogo, wakaniletea soda. Niliusoma wote. Mwishoni kulikuwa na kipengele kinachosema mimi ndiye mtunzi pekee wa maneno yote, nawakabidhi haki zote, na toleo lolote la zamani la wimbo halitaimbwa wala kusambazwa tena na mimi au mtu yeyote kwa niaba yangu.

Nikamwambia Frenk, "Ubeti wa tatu si wangu."

"Wa nani?"

"Wa mama mmoja wa Lingeka."

"Ana karatasi?"

"Ana sauti. Alituimbia uani kwake."

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto habari za mvua. Akasema huyo mama hatajua, na hata akiuimba huko kwao nani atamkamata? Nikamuuliza, na mimi? Mimi nikienda Lingeka nikiombwa niuimbe kwa Kisukuma? Alikuna shingo. "Wewe dada hutauimba tena. Lakini utakuwa na huu. Huu ni mkubwa zaidi." Kalamu ilikuwa imeshawekwa juu ya karatasi. Nilikumbuka unga kwenye viwiko vya yule mama. Nikaisukuma kalamu kurudi upande wake wa meza, nikachukua mkoba wangu. Hakunifuata. Alisema tu, bila kelele, "Utajuta, Kabula." Nikamshukuru kwamba angalau amelitaja jina langu.

Miezi miwili baadaye wimbo ule ulitoka. Mdundo ule ule, maneno yale yale ya Kiswahili, umeimbwa na msichana nisiyemjua, na ubeti wa tatu wa Mama Sayi umo ndani, umetafsiriwa neno kwa neno. Redio ile iliyotuomba tuielewe, pamoja na nyingine, ziliupiga asubuhi, mchana na jioni. Watangazaji walisifu utunzi. Minza alilia kibandani kwake kwa ghadhabu, kisha akapanguza uso, akakataa kumwekea mtu yeyote wimbo ule, hata wateja wakamtukana. Mimi nilienda mnadani Lagangabilili na Maduhu, tulikuwa tumeshapatana bila kuombana msamaha, na tulipofika jamaa wa muziki alikuwa anaupiga huo huo kwenye spika kubwa kama makabati. Vijana walikuwa wanaucheza. Maduhu akaniambia, "Cheza na wewe. Mdundo si mbaya." Nilitaka kumpiga. Ulipoisha tulipanda jukwaani na gitaa lake lenye kiraka. Vijana wengi waliondoka kwenda kunywa soda. Waliobaki walikuwa kina mama wa nyanya na wazee wachache waliokuja kuuza ng'ombe. Tukawaimbia hao. Sikushinda siku ile, na sitaki mtu asome hapa akadhani nilishinda. Nilikataa kuondoka, basi.

Mama Sayi ndiye aliyenitoa kwenye uchungu. Alikuwa ameusikia wimbo ule kwenye redio ya jirani. Nilimfuata hadi Lingeka kumwomba radhi, nikamkuta anachambua pamba ya mwisho, nikamweleza kila kitu, jinsi maneno yake yalivyochukuliwa na mtu aliyekuwa amenisikia mimi. Alinisikiliza mikono ikiendelea. Kisha akauliza, "Huyo binti anayeimba, naye amekatazwa mnada?" Nikasema sidhani. "Sasa anajuaje?" Akatikisa pamba, akasema, "Basi itabidi nije niseme mwenyewe."

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza na watu wanapanda, alikuja Bariadi mzee mmoja wa Mwanza anayeitwa Sospeter, aliyewahi kuuza kanda sokoni miaka ya nyuma na sasa alikuwa na lebo ndogo, yeye na binti yake na fundi mmoja. Alisema wimbo wa redioni umemfanya autafute wa kwanza, na watu wa vijijini wanamuuliza wa kwanza uko wapi. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilimkalisha mezani saa ya chakula, nikaweka mkataba wake katikati ya sahani, nikausoma kwa sauti, mgahawa mzima ukisikia. Madereva wakachangia. Kila kipengele kilichokuwa na neno gumu walimtaka mzee alieleze, na alipolieleza vibaya walimrudisha. "Hapo mzee umeruka," akasema dereva mmoja, mdomo umejaa ugali. Mzee Sospeter alitoa jasho, akacheka, akaandika kwa mkono wake pembeni: lugha ni Kisukuma, gitaa ni la Maduhu, ubeti wa tatu ni wa Mama Sayi na jina lake liandikwe, na Kabula ataimba popote atakapoombwa. Maduhu aliitwa kutoka nje aje asaini. Alifuta mikono kwenye suruali mara nyingi sana. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa zote, akalitazama muda mrefu.

Mzee alitaka twende Mwanza, kwenye studio nzuri. Nikakataa. Mashine zikaja Bariadi, kwenye pikapu, zikaingizwa kwenye stoo kati ya mchele na mkaa, na Mama Milembe akafunga mgahawa siku nzima kwa mara ya kwanza tangu aufungue, akaketi mlangoni na mwiko kufukuza wenye njaa. Mama Sayi alifika na mume wake. Ndiyo, na mume wake, amemleta kwa baiskeli, akabaki nje chini ya upenu wa bati, amekunja mikono, hasemi na mtu. Niliimba beti zangu mbili. Gitaa likaendelea peke yake. Mama Sayi akasogea kwenye maikrofoni, akafumba macho, na akaimba ubeti wake kwa ile sauti yake kavu isiyofuata mtu, Maduhu akimfuata yeye, na alipofika pale anaposema aingie ndani aone, lori likapita barabarani likapiga honi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Aliimba mpaka mwisho. Fundi akavua vifaa vya masikioni, akainua mkono. "Mama, samahani, honi imeingia. Tunarudia."

Mama Sayi akafumbua macho. "Amesikia?" akaniuliza kwa Kisukuma, akionyesha kidole nje, kwenye upenu.

Nikachungulia kati ya mbao. Yule bwana alikuwa bado amesimama, lakini mikono ilikuwa imeshuka. "Amesikia," nikamwambia.

Akamgeukia fundi, akavuta kanga yake vizuri begani. "Basi mimi nimeshasema," akasema kwa Kiswahili, ili aelewe. "Sirudii."

Haukurudiwa. Ndio huo unaopigwa hadi leo, na honi imo.